Mzee Sadala na Spika Ngumu

Mzee Sadala alianza kuadhini kabla ya uhuru. Kule kwao porini Handeni nyumba zilizunguka msikiti, na sauti yake ilitosha. Ilipokuja operesheni ya vijiji vya ujamaa, watu wakahamishiwa kijiji kipya kilichopangwa mistari mirefu hadi bondeni, na adhana ikawa inaishia njiani. Mchana alilima pamba ya kijiji, jioni mihogo yake, na kila sala aliita mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Waumini wakachanga wakanunua spika, kipaza sauti na betri ya gari. Abdi, fundi wa redio wa Manundu, akaja kuifunga juu ya nguzo. Sadala alipoadhini, ilikwaruza kama bati linaloburutwa. Wanawake wakaziba masikio.

"Ni mpya, mzee wangu, ndani bado ngumu," Abdi alisema. "Izoeshe kwanza. Kila alasiri isomee Kurani polepole, mpaka mwezi mwingine uandame."

"Na adhana?"

"Endelea kwa mdomo."

Kwa hiyo kazi ikaongezeka. Sadala alitoka shamba na udongo miguuni, akakaa mbele ya kipaza sauti kusoma kwa sauti ya chini, huku kichwa kikimwangukia kifuani. Kisha akainuka kuita watu kwa koo lile lile lililochoka.

"Baba Zamda, utakufa," mkewe Mwanaidi alimwambia akimpa uji. "Chuma gani hicho cha kubembelezwa kama mwali?"

Akaunywa uji, akasinzia na bakuli mkononi.

Mwezi ulipoandama akaadhini kwa spika. Ilitoka safi, ikafika bondeni. Watu wakasema imelainika, wakamsifu fundi.

Haikupita wiki, upepo ukaangusha nguzo na spika ikapasuka. Abdi akaleta nyingine ya aina ile ile, akaifunga haraka kwa kuwa alikuwa na msiba Magoma. Adhuhuri Sadala akaadhini. Ilitoka safi vile vile.

"Hii umeizoeshea wapi?" akauliza.

Abdi akakunja waya. "Nimeitoa kwenye boksi leo, mzee. Nadhani siku ile ya kwanza uliipigia ukelele, kama ulivyozoea. Siku hizi unasema nayo taratibu."

"Basi ungeniambia siku ile ile."

"Sikujua, mzee. Nami niliambiwa hivyo na aliyenifundisha kazi. Nisamehe."

Sadala hakugomba. Hata hasira inataka nguvu. Alimtakia safari njema, akaenda nyumbani, akajinyoosha kitandani na nguo zake za shamba.

Alasiri balozi wa nyumba kumi akabisha hodi kuuliza mbona Mzee Sadala haonekani kwenye pamba.

"Amelala," Mwanaidi akajibu, amesimama mlangoni. "Leo hatoki."

Balozi akamtazama, akaona hapishwi, akaenda zake.