Nilivyowanyang'anya Waairishi Kilti Yao

Kuna Watanzania hapa Guangzhou, China, ambao hadi leo tukikutana mtaa wa Dengfeng hunitazama magotini kwanza, ndipo wanisalimie, na sina wa kumlaumu kwa sababu aibu yenyewe niliishona kwa mikono yangu nikaivaa mchana kweupe mbele ya watu thelathini. Wacha niwasimulie mwenyewe, maana habari inayozunguka kwenye makundi ya simu imetiwa chumvi nyingi (na, nikiri, imeacha mambo mawili matatu ambayo ni mabaya zaidi).

Mimi ni Mpare wa Same. Kazi yangu ni kununua jinzi kwenye viwanda vya Xintang na kuzisafirisha nyumbani kwa kontena, ila zamani nilifundisha shule ya msingi na ule ualimu haujanitoka. Mtu akiuliza kitu, nafafanua. Asipouliza, nafafanua vilevile, taratibu, kwa upendo, mpaka aelewe. Ndiyo maana wananiita Mwalimu, na ndiyo maana Aika, binti wa Kichaga mwenye duka la mabegi hapo Dengfeng, alipotaka kuposwa na Donal, Mwairishi anayefundisha Kiingereza mjini hapa, walinifuata mimi niwe mshenga.

Kwa msiojua uzito wa kazi hiyo, mshenga ndiye anayebeba maneno ya upande wa mume na kuyasimamia mbele ya upande wa mke. Akisema huyu ni mtu wa fulani, amejiweka rehani mwenyewe. Na upande wa mke alikuwa Shangazi Anande, aliyepanda ndege kutoka Moshi akiwa na mamlaka yote ya ukoo mkobani. Shangazi huyu alikuwa na kidonda. Mdogo wake aliwahi kuolewa na mwanamume aliyejitambulisha kuwa wa Machame, na ukoo akautaja, na baada ya watoto wawili ikaja kujulikana kwamba kwao siko huko na mke mwingine anaye. Kwa hiyo Shangazi alikuja na sharti moja tu: akinusa uongo wowote, posa haipokelewi, Aika anafunga duka, na Jumatatu wanarudi wote Moshi. Aika alikuwa hali wala halali.

Siku mbili kabla ya posa nikamtembeza Shangazi barabara ya Zhanqian aone nguo za jumla. Tukapita duka la sare za shule, sketi za mirabamiraba zenye marinda zimening'inia mlango mzima, naye akasimama.

"Mwalimu," akasema, "nasikia huko kwa huyu kijana wanaume huvaa sketi kama hizi. Ni kweli?"

Jibu sahihi lilikuwa fupi mno. Sijui, Shangazi, ngoja nimuulize. Donal alikuwa na simu, mimi nilikuwa na simu, ingechukua dakika moja. Lakini mimi nikaweka mfuko wangu chini ili mikono ipate nafasi ya kufafanua.

"Hapana, Shangazi. Hao ni Waskoti. Vazi lenyewe linaitwa kilti. Waairishi ni majirani zao tu, ng'ambo ya maji, wao huvaa suruali kama mimi. Chukua mfano wa lubega. Lubega ni ya Wamasai. Utamkuta Mchaga amejifunga lubega akisema ni vazi la kwao?"

"Thubutu! Kwa hiyo nikimwona kaivaa?"

"Ukimwona Mwairishi na kilti," nikamjibu, nikitabasamu kwa jinsi somo lilivyoingia, "ujue kakudanganya kabila."

Shangazi akaitikia "ehee" moja ndefu, na maneno yangu akayafungia mahali ambapo mimi sina ufunguo.

Jumamosi ikafika. Nikaona haipendezi mshenga kutokea na shati la kila siku mbele ya wageni wa kimataifa, bora avae vazi la asili, na kwa kuwa sisi Wapare hatuna vazi ambalo mtu wa mbali akiliona atashtuka, nikanunua shuka nyekundu ya mirabamiraba nikajifunga lubega, nikachukua na mpini wa ufagio kuwa fimbo. (Najua mnachokifikiria sasa hivi. Mimi sikukifikiria.) Ndani, kwa sababu ya joto, nilivaa kaptura niliyoichomoa kwenye gunia la sampuli za Xintang bila kuitazama sana.

Posa ilifanyika ghorofani, kwenye mkahawa wa Bi Zuhura, Mzanzibari mwenye pilau la kusifika na ulimi wa kuogopwa. Shangazi kaketi mbele, Aika pembeni yake, wageni wamejaa hadi kwenye ngazi. Saa nane mlango ukafunguliwa, akaingia Donal na baba yake, Mzee Fintan, aliyewasili usiku uliotangulia kutoka Ayalandi, na wote wawili, jamani, wamevaa kilti. Si za mirabamiraba. Ni za rangi moja, manjano iliyokolea kama bizari, marinda yamenyooka nyuma, mikanda ya ngozi, soksi ndefu hadi chini ya goti. Walipendeza, sina budi kusema ukweli. Moyo wangu ukashuka hadi kwenye kandambili.

Shangazi akaweka chupa ya soda mezani.

"Mwalimu. Yule ni kabila gani?"

Hapo bado ningeweza kujiokoa. Shangazi, nilikosea, basi, yangeisha. Lakini uongo wa kwanza nilikuwa nimeutoa kwa kutojua, wa pili nikautoa kwa makusudi.

"Ile siyo kilti, Shangazi. Ile ni... ni kama kikoi."

Shangazi akainuka, akaenda hadi alipo Mzee Fintan, akamwinamia kwa heshima, akashika pindo la vazi kwa vidole viwili. Kisha akanigeukia.

"Kikoi cha sufu? Chenye marinda?"

"Lahaula!" Bi Zuhura akadakia kutoka jikoni. "Mwanangu, mimi kikoi nimezaliwa nacho. Hicho usinisingizie!"

Watu wakacheka. Aika hakucheka. Alinitazama kwa macho yaliyojaa machozi, na Donal, asiyejua Kiswahili zaidi ya shikamoo, akawa anatuangalia mmoja mmoja kutafuta nani kafariki. Nami nikafanya jambo ambalo likinijia kitandani hufunika uso kwa mto: nikamvuta Mzee Fintan kando nikaanza kumfafanulia, kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti ya darasa la tatu, kwamba kilti si mila yao bali ni ya Waskoti, na kwamba kama hatajali naweza kumtafutia suruali kwa mpishi.

Mzee wa miaka sabini na kitu. Nikamfundisha mila za kwao.

"Aika," Shangazi akaita. "Wewe ndiye utafsiri. Huyu asitie neno. Muulize mzee: hili vazi ni lenu au si lenu?"

Aika akauliza. Mzee Fintan akafikiri, akajibu bila haraka, na Aika akatafsiri kipande kwa kipande. Alisema mwenye kilti ni Mskoti, hilo ni kweli, na hawezi kumnyang'anya. Waairishi waliichukua kwao, si zamani sana, enzi za mababu zake, wakati watu walipokuwa wanatafuta vazi la kuuambia ulimwengu kwamba wao si Waingereza. Waskoti hupenda mirabamiraba. Wao wakachagua rangi moja, hii ya zafarani, kwa kuwa wahenga wao walivaa mashati marefu ya rangi hiyo. Wapiga zumari ya mfuko ndio walioishika zaidi. "Wako Waairishi wengi ambao hawajawahi kuivaa," akasema, "na wengine watatucheka. Lakini baba yangu alikuwa mpiga zumari, na mimi pia, na nilioa nikiwa nimevaa hii. Kwa hiyo ni ya kuazima. Ila tumeshaiazima muda mrefu, na aliyetuazima tunamjua."

Mimi, badala ya kumshukuru Mungu, nikanyanyua kidole. "Kwa hiyo, Shangazi, kimsingi nilichosema..."

"Samahani," Mzee Fintan akasema, akinitazama kwa udadisi wa kweli, bila ubaya wowote, "na hili lako zuri, ni la watu wa kwenu?"

Aika akatafsiri kabla sijamzuia.

"Huyo?" Shangazi akasema. "Huyo ni Mpare wa Same! Hata ng'ombe anamwogopa!"

Ukumbi ukapasuka kwa vicheko. Nami nikapanua mikono yote miwili ili nifafanue (ningefafanua nini, sijui), na fundo la begani, ambalo nililifunga kwa kuangalia picha, likaachia. Shuka ikashuka yote. Wale wawili wa kilti walikuwa wamejifunga mikanda na pini, hawakutikisika hata kidogo. Mimi nikabaki na kandambili, mpini wa ufagio, na kaptura ya jinzi ambayo hapo ndipo nilipogundua ni ya kike, imetariziwa maua ya waridi kwenye mifuko yote miwili.

Bi Zuhura akaniletea aproni. Hakusema kitu, na kwa Bi Zuhura hiyo ni huruma kubwa.

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Halafu akamshika Mzee Fintan mkono.

"Mwambie hivi, Aika. Mtu anayesema hiki nimeazima, na mwenyewe akamtaja, nyumbani kwangu huyo si mwongo. Tuliwahi kuoza kwa mtu aliyesema kila kitu ni chake." Akavuta pumzi. "Posa nimeipokea."

Vigelegele vilivyopigwa hapo sijui kama vimewahi kusikika Guangzhou. Aika alimkumbatia shangazi yake hadi kilemba kikaanguka, Donal akaambiwa kilichotokea akaketi chini ghafla kama mtu aliyekatwa miguu, na mimi nikasogea na aproni yangu nipokee pongezi za mshenga.

"Wewe," Shangazi akaniambia, si kwa hasira, "kaa pale, ule pilau. Maneno ya harusi atayabeba Bi Zuhura."

Nikala pilau.

Tangu siku hiyo nimeweka nadhiri: nikiulizwa mambo ya watu, namwelekeza muulizaji kwa wenyewe. Wanafunzi wangu wa zamani wangeshangaa, lakini kumbe neno "sijui" halimpunguzii mtu kitu, jaribuni tu, mtalizoea. Juzi mteja mmoja kutoka Mwanza aliniuliza huko Xintang kama jinzi asili yake ni Amerika au Ulaya. Nikamwambia sijui. Akashangaa, akauliza tena, mtu wa jinzi usijue asili ya jinzi? Koo lilikuwa linawasha, maelezo yamefika hadi kwenye meno, yamejipanga foleni. Nikafungua chupa ya maji, nikanywa yote.