Nyama ya Afande na Moto wa Jaja

Mwezi uliopita nilitoka Malukhu, huku Mbale ninakoishi, nikaenda Wanyange kuonyeshwa mpaka wa kiwanja cha familia. Palipokuwa na matete marefu kuliko mtu, sasa kuna kuta na mageti. Nilisimama pale nikijaribu kukisia nyavu zilifungwa wapi. Usinicheke, rafiki yangu: mimi, mtoto wa Kiislamu, nilikuwa natafuta mahali tulipomwinda nguruwe.

Jaja, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa amekwenda Maka na kurudi, kwa hiyo watu wote walimwita Hajati. Alilima viazi vitamu kwenye mteremko unaoshuka ziwani. Mwaka mmoja, nikiwa mtoto nyumbani kwake, nguruwe pori walihamia kwenye matete, wakawa wanatoka kufukua matuta yake. Asubuhi tulikuta udongo umepinduliwa na viazi vimetafunwa nusunusu. Msimu ukiendelea hivyo, tungekula nini? Jaja alikwenda kwa jirani yetu, mzee mmoja aliyewahi kuwa askari, mwindaji na mla nguruwe, ambaye kijiji kizima kilimwita Afande.

"Afande, wageni wako wananimalizia chakula."

"Hao wageni wangu, Hajati?" Afande akacheka. "Basi nitawapokea."

Walizungumza Kiswahili hao wawili, si lugha ya kijijini. Afande alikipata kambini, Jaja alikipata kwa wafanyabiashara wa msikitini, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake anakiharibu.

Siku ya msako jua lilikuwa limeshapanda. Wanaume walifunga nyavu za katani upande wa ziwa, mbwa wakavalishwa njuga shingoni. Sisi watoto na akina mama tulipangwa upande wa mashamba, kila mtu na debe la kupiga ili nguruwe wasigeukie kwetu. Afande alinionyesha mahali pangu. "Simama hapa. Usitoke."

Nilitoka. Sikuwahi kumwona nguruwe pori, nilisikia habari zake tu, na nilitaka kujua kama kweli macho yake ni mekundu kama walivyosema watoto wenzangu. Nikaweka debe chini, nikapenya ndani ya matete. Njuga zikasogea karibu, ikaja harufu kali, kisha matete yakafunguka mbele yangu. Alikuwa na rangi ya kutu, nywele nyeupe za mgongoni zimemsimama. Macho yalikuwa madogo, meusi. Niliyaona vizuri kwa sababu alikuwa ananijia.

Afande alitokea ubavuni akajitia katikati yetu. Mkuki uliingia, lakini jino la nguruwe lilikuwa limeshampasua paja. Wakaanguka pamoja.

Wa kwanza kufika alikuwa Jaja. Alifungua leso yake kiunoni, akapiga magoti penye damu ya mtu na ya mnyama, akalifunga lile paja kwa nguvu zake zote.

"Hajati, utachafuka," Afande akasema kwa sauti ndogo.

"Nyamaza."

Wakampakia kwenye pikipiki, mkewe akamshika kwa nyuma, wakaenda hospitali mjini Jinja. Ndipo Jaja aliposhuka ziwani akanawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama dini yetu inavyomwagiza aliyegusa nguruwe. Nilihesabu.

Ikabaki nyama. Wawindaji waligawana palepale juu ya majani ya migomba, kila nyumba fungu lake: maini kwa wazee, kichwa na miguu ya kuchemshwa, mafuta ya kuyeyushwa kwenye sufuria. Fungu kubwa lilikuwa la Afande, kwa kuwa mkuki ulikuwa wake. Walilipanga kwenye uchaga nyuma ya nyumba yake, wakawasha moto chini, wakaondoka. Lakini nyama ya kukausha inataka mtu wa kukaa nayo, na nyumba ile haikuwa na mtu. Jaja akavuta kigoda, akaketi upande usio na moshi, akaanza kusukuma kuni kwa mti mrefu.

"Jaja, si haramu?"

"Kula ndiyo haramu. Mimi nachochea moto."

Nilimwuliza kila kitu. Kwa nini mafuta yanalia yakidondoka kwenye majivu? Kwa nini nyama inakuwa nyeusi na haiozi? Mengine alijibu, mengine alisema nimwulize Afande akirudi. Maswali yakaniishia, likabaki jambo moja.

"Jaja, nilitoka mahali pangu."

"Nilikuona," alisema, macho yake kwenye moto. "Ndiyo sababu nimekaa hapa."

Siku ya pili akaja mwalimu wetu wa madrasa, pua ameifunika kwa mkono wa kanzu. "Hajati, watu wanasema."

"Wanasema kweli, mwalimu. Nyama ni ya Afande. Mguu wake umepasuka kwa ajili ya mjukuu wangu. Nikiinuka hapa, itaoza."

Mwalimu alinitazama, akautazama moto. Kisha akainama, akaokota gogo kavu lililokuwa pembeni, akalisukumia motoni. "Usitumie mti mbichi," alimwambia. "Moshi utakuumiza macho." Akaenda zake.

Afande alirudi akichechemea, na alichechemea maisha yake yote. Hakunikemea hata siku moja. Alisimama mpakani mwa shamba letu, amejaa tabasamu: "Hajati, nani alikausha ile nyama? Mke wangu hajawahi kuikausha vizuri hivyo." Jaja alicheka mpaka akakaa chini kwenye matuta.

Wote wawili wamekwenda, na mwalimu pia. Nguruwe nao sijui walikwenda wapi. Niliwauliza vijana wanaojenga pale, wakafikiri nawatania. Nyama ile sijawahi kuionja, lakini naijua harufu yake, na naujua mlio wa mafuta yake kwenye majivu. Yapo mambo ninayotaka kuhakikisha bado: mbwa walikuwa wangapi, leso ilikuwa ya rangi gani. Hayupo tena wa kumwuliza.