Kobe wa Udongo wa Bi Mwatum

Bi Mwatum wa Pongwe hakuwa mpenzi wa picha hata kidogo, ila alimpenda mwenyeji wake Hanne, basi akamfuata chumba kwa chumba katika jumba la sanaa la mji wa kina Hanne kule Ujerumani. Hanne alijua habari za kila kitu mle. Yule mama mnene pichani alikuwa mke wa mfanyabiashara wa chumvi; mbwa aliyelala miguuni pake alichorwa na mwanafunzi, ndiyo maana kavimba vile. Bi Mwatum akacheka mpaka mlinzi akawatupia jicho.

Walikuwa wametoka mbali. Miaka ya nyuma Hanne alipanga nyumba Raskazone, si mbali na Pongwe, akitafiti mila za wanawake, na makungwi wa Pongwe walimfungia mlango. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema, lakini unyagoni hapana. Bi Mwatum ndiye aliyemsimamia. "Huyu mwanangu," aliwaambia. "Akivujisha yeye, nimevujisha mimi." Hanne akaapishwa, na Bi Mwatum akawa somo yake, kungwi wa kumfunda. Bi Mwatum alifinyanga vinyago vya udongo vya kuwafundishia wari, ambavyo mafunzo yakiisha lazima vivunjwe, mwanamume asivione. Kuvivunja ni kazi ya aliyeingizwa karibuni, naye huenda mtoni peke yake. Hanne alirudi na matope mikononi, akapigiwa vigelegele.

"Nimekuwekea zawadi mwisho, somo," Hanne alisema mlangoni pa chumba cha mwisho. "Fumba macho kidogo."

Alipofumbua, alimwona kobe wake. Mguu mmoja mfupi, kwa sababu siku ile udongo ulimwishia. Kando yake nyoka na yule mama mjamzito, wazima wote, ndani ya kioo, wamemulikwa taa. Mzee mmoja wa kiume alikuwa ameinama anawachungulia, miwani puani.

"Si ulivivunja?"

"Nilivunja chungu tu. Hivi niliona uchungu, somo. Vizuri namna hii virudi kuwa matope? Tazama, na jina lako wameliandika."

Lilikuwepo kweli, Mwatum binti Hafidh, kwa herufi kubwa. Pongwe wangesema ameuza, na angebishaje? Hasira ilimpanda, na chini ya hasira kulikuwa na fedheha, maana hakuibiwa na mwizi. Aliyekula kiapo chako ndiye ajuaye pa kukuchoma.

"Vivunje sasa."

"Siwezi. Si vyangu tena, ni vya jumba hili."

"Vilikuwa vyako lini?"

Macho yalimlowa Hanne. "Nilidhani utafurahi, somo."

"Usiniite somo."

Walipofika mlango wa nje, Hanne alimvisha koti, akamfunga vifungo kimoja kimoja. Bi Mwatum akakubali kufungwa. Hakuijua njia, hakuijua lugha, na katika mji ule mzima hakuwa na pa kulala ila kwa Hanne.