Sadaka ya Jogoo Chongo

Tangu apunguzwe kazi kiwandani na kuanza kuuza mitumba Mwembesongo, Mama Editha alikuwa na adui mmoja tu duniani: jogoo wake chongo, aliyenyea nguo za biashara na kudonoa wateja. Jumapili ya mavuno akamkwapua, akampeleka kanisani awe sadaka, roho yake kwatu.

Kumbe mchungaji kaamka na mahubiri ya madhabahu ya Waisraeli. "Walitoa mnyama mzima, asiye na kilema, ambaye kumwachia kunawauma!" akafoka. "Ndiyo picha ya Kristo, Mwana-kondoo asiye na waa! Na wewe unamletea Mungu ulichotaka kukitupa?"

Mama Editha akamgeuza jogoo taratibu, jicho zima ndilo limtazame mchungaji.

Baada ya ibada sadaka zikanadiwa uwanjani, kama kila mwaka. Jogoo akagombewa, na Mama Editha akashangilia kuliko wote. Mzee wa kanisa akashinda mnada, akamnyanyua jogoo juu.

"Huyu namzawadia mjane wetu Mama Editha," akatangaza, "aliyemtolea Mungu hata kipenzi chake!"

Vigelegele vikapasua anga. Jogoo, kwa furaha ya kurudi nyumbani, akamdonoa Mama Editha.