Mbuzi Aliyezibwa Kengele

Librada Villavicencio hakumwamini mtu yeyote anayepanda mlimani na viatu visafi. Miaka thelathini amewalinda kondoo-mwitu wa korongo lile, na wawindaji wanaofuata pembe zao amewatimua kwa mawe. Basi kondoo walipoanza kufa karibu na chemchemi, saba katika mwezi mmoja, hakuhitaji kupiga ramli. Ni Nazario tu, bwana mifugo mpya.

"Maji yangu yametiwa kitu," alimwambia kavukavu huku akimmiminia kahawa, maana pale kwenye ranchi hata adui hanyimwi kahawa. "Tangu uje na vichupa vyako, wanakufa."

"Mama, ni mapafu. Wanaambukizwa na mbuzi wa kufugwa. Mbuzi anakohoa kidogo tu na maisha yanaendelea, kondoo-mwitu anakufa. Mbuzi wako wote nimewapima?"

"Wote! Au unataka unipime na mimi?"

Nazario akacheka. Mwongo mkubwa, Librada alijisemea, huyu anaitaka chemchemi yangu.

Kulipokucha akajibanza juu ya chemchemi, jiwe mkononi, amnase. Jua likapanda, Nazario hakutokea. Alikuja kondoo dume mwenye pembe iliyokatika ncha, ambaye Librada alimjua tangu ananyonya. Alishuka kwa kujikokota, akainamia maji, akakohoa. Mara tatu, kavu, kisha mkoromo.

Librada akainua kichwa. Kikohozi kile alikisikia kila jioni alipokwenda kumkamua mbuzi wake Paloma kwa siri.

Paloma ndiye kiongozi wa kundi lake, na jibini yake haina mfano. Siku ya kupima, Librada alimficha kwenye zizi la mawe nyuma ya chemchemi, akamziba kengele kwa kitambaa. Ranchi zote hufanya hivyo: mtu wa serikali haonyeshwi mbuzi bora. Mpaka leo yumo humo, amenona, anakunywa maji yaleyale.

"Mungu wangu wee! Kumbe ni mimi!"

Jiwe likamdondoka. Akaenda zizini, akachomoa kitambaa, akateremka na Paloma hadi kwa Nazario, kengele ikilia njia nzima.

Nazario alisimama alipowaona. "Mama, si ulisema wote?"

"Nilikudanganya, mwanangu. Mchukue kabla sijabadili mawazo."

Akamkabidhi kamba. Nazario alipomwambia waingie ndani kwanza wanywe kahawa, Librada alitikisa kichwa, akarudi chemchemini kukaa na yule dume.