Jibu Lililochelewa Njiani

Watu wakisikia nilifanya kazi ya intaneti Homa Bay miaka ya tisini, mwishoni mwishoni, hudhani nilikuwa na raha. Raha gani, yawa! Chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea, kompyuta mbili, feni yenye kelele kuliko upepo, na laini ya simu iliyokatika hata ukikohoa. Nilitoka kwetu Migori nikiwa na cheti cha kompyuta na nguvu. Cheti bado ninacho.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kuwaandikia wazazi barua pepe kwa watoto wao walio ng'ambo. Kisha mwenye duka akaleta programu ya kuongea: unasema kwenye maikrofoni, na mtu aliye Amerika anakusikia papo hapo. Papo hapo yake sasa! Laini yetu ilikuwa nyembamba, sauti ilipita kwa kusukumana. Ukisema neno, hesabu pumzi kumi kabla halijafika, na kumi nyingine kabla jibu halijarudi. Tena haikuruhusu watu wawili kusema pamoja. Mteja akiongea, mimi nilishika kitufe. Nikikiachilia, ndipo tulisikia ya upande wa pili. Yaliyofika wakati nimekishika yalikaa ndani ya kompyuta yakingoja zamu yao.

Hayo niliwaeleza wateja kila siku mpaka mdomo ukachoka. Waliitikia kwa kichwa, kisha wakafanya walivyozoea.

Mama mmoja alikuwa akitoka Lambwe na viatu vyake vya kanisani mkononi, anavivaa mlangoni pangu. Mwanawe wa kwanza alikuwa anasoma Amerika. Baba mtu alikuwa mgonjwa, tumbo limevimba, hospitali imemrudisha nyumbani, na alichotaka ni kimoja tu: amwone kifungua mimba wake kabla hajafumba macho. Nikamwambia, "Mama, si niandike tu? Barua itafika leo hii."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana. "Nyara," akasema, yaani binti yangu, "mtoto haandikiwi ugonjwa wa babake. Anaambiwa kwa mdomo, na wewe umsikie akijibu."

Ndivyo ilivyo kwao, na kusema kweli hata kwetu. Basi nikamwandikia kijana siku na saa tu, awe kwenye kompyuta ya chuo.

Jumamosi mchana mama akaja. Laini ilishika mara ya nne. Sauti ya kijana ikatoka, "Mama?" na mama akajifunika mdomo kwa leso, akacheka huku analia.

Kisha akaanza salamu. Jamani! Mtu haletewi neno zito kabla hajasalimiwa. Adabu hiyo naijua, nimekua nayo. Lakini ni adabu ya watu waliokaa pamoja, chai ikichemka, si ya laini ile. Ameamkaje? Huko kuna baridi? Anasali wapi? Naye kijana, mtoto aliyelelewa vizuri, akajibu yote na kuuliza yake: nyanya, ng'ombe, majirani, lile daraja limeisha? Kila swali na safari yake, kila jibu na kungoja kwake. Nikamgusa mama bega.

"Mama, sema lile jambo."

"Bado, nyara. Ngoja nimalize kumsalimu."

Akauliza, "Unakula vizuri?" Nikaachilia kitufe, tukangoja. Kimya. Tukangoja tena. Akaona salamu zimekwisha. Akaniashiria nishike kitufe, akavuta kiti karibu, akasema yote kwa mpigo mmoja: baba yako amekwisha, hataki dawa tena, anataka uso wako. Utakuja kabla ya mvua? Utakuja?

Alikuwa bado katikati ya maneno hayo taa ndogo ya modemu ilipozimika. Niliiona. Laini ilikuwa imekufa, na kijana hakusikia hata neno moja la hayo. Nikaachilia kitufe.

Na kompyuta ikatoa ilichokuwa imekiweka: "Ndiyo, mama. Kabisa. Usiwe na wasiwasi."

Mama akasimama. Akapiga kigelegele, watu wote wakageuka. Akanishika mikono yote miwili, akaniombea mume mwema. Nilifungua mdomo kumwambia. Naapa nilifungua. Lakini ilikuwa saa tisa, sijala, benchi limejaa watu wananung'unika, na ningeanzia wapi? Kwamba huyo aliyejibu alijibu swali la chakula, na sasa hayupo tena? Nikasema, "Haya mama, nenda salama." Nilikuwa nimechoka. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Jumatatu barua ya kijana ilikuwa imeingia. Nikaichapisha, nikaitia kwenye droo, nikajiambia nitampa mama akija. Ningeweza kumjibu kijana mimi mwenyewe. Mistari miwili ingetosha. Lakini mama alikuwa amekataza ugonjwa wa mzee kuandikwa, nami nikajificha nyuma ya katazo lake siku baada ya siku. Katazo zuri sana kwa mtu mvivu.

Alirudi mvua zimeshaanza, kitambaa cheusi kichwani. Hakukaa.

"Alisema ndiyo," akaniambia. "Mzee tulikuwa tunamtoa nje kila asubuhi, kiti tunakielekeza barabarani. Sasa yuko mochari wiki ya pili, tunamngoja huyo mtoto. Ameandika?"

Nikatoa karatasi kwenye droo. Nikamsomea bila kuinua uso: "Mama, laini ilikatika. Uliniuliza kama nakula vizuri, nikakujibu. Kulikuwa na jambo lingine?"

Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua, mama."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alivuta kiti kilekile, akakaa, akaniambia niandike. Sasa iandikwe tu, mdomo umeshindwa. "Sema baba yako amelala. Sema tutamzika Ijumaa. Sema alikungoja mpaka mwisho, anaangalia barabara."

Nikapiga herufi. Akatazama kioo cha kompyuta asichoweza kukisoma.

"Hiyo ya kungoja," akasema, "itoe."

Nikaitoa, herufi moja moja.