Bwana Ghorofa Anamzika Ndugu Yake

"Sema amekufa, mama! Ukiulizwa, ndugu yangu amekufa."

"Amekufa saa ngapi, mkwe wangu? Jana si uliongea naye kwenye simu, ukacheka mpaka ukashika mbavu?"

Huyu ni mume wa binti yangu, fundi simu wa wizarani. Mtaani wanamwita Bwana Ghorofa, na jina kajitafutia mwenyewe. Tangu aoe anatuimbia nyumba yake ya nchi jirani. Mwanzo ilikuwa ghorofa moja. Kila akinunua suti inaongezeka nyingine, na mara ya mwisho kuisikia, ndege zilikuwa zinapinda kuikwepa. Mimi mwenyewe ni mwongo wa kuzaliwa, lakini uongo wangu una kichwa na miguu. Wake una lifti.

Sasa wamempendekeza kwenye chumba cha mawasiliano ya siri, kazi aliyoililia miaka yote. Humo haingii mtu bila kibali, na kabla ya kibali watu wa upekuzi wanapita hadi kwa wakwe na majirani: ana ndugu nje? Ana mali huko? Ndugu anaye, karani wa jeshi la nchi hiyo. Na ghorofa yenyewe ni vyumba viwili alivyoacha mama yao, bati limekandamizwa na mawe lisiruke.

"Waambie hivyo hivyo," binti yangu akasema. "Kuwa na ndugu si kosa, watapima wenyewe. Kuficha ndiko kutakuponza."

"Vyumba viwili! Uso wangu nitauweka wapi?"

Mmesikia? Mtu yuko radhi amzike ndugu yake wa tumbo moja, mzima wa afya, kuliko majirani wajue habari ya yale mawe. Nimewahi kufuga jogoo mwenye akili kuliko huyu, na nilimchinja.

"Baba watoto, hata ukikana, mtaa mzima utakusemea hiyo lifti."

"Ndiyo maana nataka mama aseme ghorofa aliizusha yeye. Watu wanamjua kwa porojo!"

"Mimi? Nikizusha nyumba, baba, naiwekea choo. Yako imefika mawinguni na hujawahi kuitajia choo hata siku moja!"

"Mama, nakuomba, kazi yangu iko mdomoni mwako..."

"Hodi humu ndani."

Mlango ulikuwa wazi. Mwanamume mwenye mkoba mweusi alikuwa ameshaingiza mguu mmoja.

"Shikamoo, mama. Natoka upekuzi. Naomba tuzungumze, wewe na mimi tu."

Mkwe wangu akarudi chumbani kinyumenyume, midomo ikiniambia bila sauti: amekufa.